Kutuma meseji kwa imeili: nawajibu mnaouliza kila siku

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo zangu hamjambo. Video ya leo sikuipanga. Nilitaka kuendelea na ile ya kodi ya nyumba, lakini komenti hazinipi nafasi. Nikiweka video ya theluji, mtu anauliza: "Dada, ulisema unatuma meseji kwa imeili, unafanyaje?" Nikiweka ya duka la vyakula vya kwetu, swali ni lile lile. Kuna mmoja ameniandikia pembeni kabisa kwamba nawanyima siri kwa makusudi. Haya, leo nalijibu lote.

Najua yatakayofuata. Wengine mtasema naringa, eti siku hizi sitaki kupigiwa, nataka kuandikiwa imeili kama mkurugenzi. Wengine mtasema nalalamika, kama Marekani kugumu si nirudi. Naomba tuelewane kabla hatujafika huko. Kuchati kwa imeili nilianza kwa sababu ya shida. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Columbus, Ohio, na zamu ikianza simu inafungiwa kabatini. Kwenye chumba cha mapumziko kuna kompyuta, na barua pepe tunaruhusiwa kufungua. Nikitoka zamu ya jioni huku ni saa tano usiku, huko kwenu kumeshakucha na kila mtu ametawanyika na shughuli zake. Zile dakika za chai ndizo ninazopata kuwajulia hali watu wangu. Basi.

Sasa ile njia ambayo wengi mmeisikia. Huku Marekani kampuni za simu zilimpa kila mteja anwani ya barua pepe inayotokana na namba yake ya simu. Ulikuwa unaandika tarakimu kumi za namba, bila namba ya nchi, unaweka alama ya @, halafu unamalizia na anwani ya kampuni yake. AT&T ilikuwa txt.att.net, Verizon vtext.com, T-Mobile tmomail.net. Ukituma barua pepe hapo, mwenzako inamwingilia kama meseji ya kawaida, na akijibu, jibu linakuja kwenye barua pepe yako. Wewe mtumaji hulipi kitu. Ila uandike kwa ufupi, maana meseji ya simu kipimo chake ni herufi 160, ukizidisha inakatwa vipande au mkia wake unapotea. Halafu lazima ujue mwenzako yuko kampuni gani. Akihamia kampuni nyingine na namba yake ile ile, wewe unaendelea kutuma mahali ambapo hayupo.

AT&T waliufunga mlango wao tarehe 17 Juni 2025. Kwa hiyo ukikutana na mtu anafundisha njia hiyo, angalia kwanza video yake ni ya mwaka gani. Na kwa hao wengine, mimi nisingeweka jambo la maana kule. Mlango wowote wa bure ambao mtu anaweza kutumia kurusha meseji maelfu kwa maelfu, matapeli wanakuwa wameshajaa. Mimi mwenyewe nimepokea meseji nyingi za "mzigo wako umekwama, bonyeza hapa" zilizotoka kwenye barua pepe za ajabu ajabu.

Halafu kuna wanaoniuliza watumie njia hiyo kuandika kwa namba ya Tanzania. Haiwezekani, ile ilikuwa ya wateja wa kampuni za huku. Wakenya mtakumbuka, Julai 2012 Google walizindua Gmail SMS kwa Kenya, Ghana na Nigeria. Mtu mwenye simu ya vitufe, hana intaneti kabisa, alipokea barua pepe kama meseji na akajibu kwa meseji. Tanzania haikuwamo kwenye orodha hiyo. Mimi nasema wazi, ile ndiyo huduma ambayo ingenifaa kuliko zote, kwa sababu ya mama yangu. Mama anatumia kiswaswadu. Simu janja hataki, macho yanamsumbua, na kule kijijini umeme ukikatika kiswaswadu bado kinakaa na chaji siku nyingi. Ninyi mnaonishauri "mnunulie mama simu kubwa", nawaheshimu, lakini mama yangu namjua mimi. Kumfikia yeye nalipia dakika za kimataifa, na dakika za kupiga Tanzania ni ghali. Zile tovuti zinazosema tuma meseji bure dunia nzima, nawaomba sana muwe nazo mbali. Nyingi zinataka uziruhusu kusoma orodha yako yote ya namba. Unampa mtu usiyemjua namba ya mama, ya mjomba, ya mwalimu wa mtoto, kisa meseji moja.

Ninachotumia mimi hapa ndani ya Marekani ni Google Voice. Unapata namba ya Marekani inayokaa ndani ya akaunti yako ya Google, meseji zinaingia, na ukiwasha mpangilio wa kuzipeleka kwenye barua pepe zinakuja mpaka kwenye Gmail. Unaijibu kama unavyojibu barua pepe, mwenzako anaipata kama meseji. Kwa mtu ambaye simu yake iko kabatini, hii ni nafuu kubwa. Lakini msikimbilie. Ili uipate lazima uwe huku na uwe na namba nyingine ya Marekani ya kujithibitisha. Meseji zake zinakwenda Marekani na Kanada, kwa hiyo kwa mama bado hazifiki. Usipoitumia muda mrefu wanaichukua. Na kuna benki hazikubali kutuma namba za uthibitisho kwenye namba ya namna hii, kwa hiyo usiifanye namba yako pekee.

Hapo hapo niwaonye wageni, hasa mliofika karibuni na mnauza vitu vidogo vidogo mtandaoni. Utaweka tangazo la meza, mtu atakuandikia: "Naogopa matapeli, nakutumia tarakimu sita, nisomee nijue wewe ni mtu wa kweli." Zile tarakimu ni za kufungulia Google Voice kwa kutumia namba yako. Ukimsomea, anapata namba ya Google Voice iliyounganishwa na namba yako, anaenda kutapeli watu nayo. Tume ya Biashara ya Marekani imeshatoa tahadhari juu ya jambo hili, wala si uzushi wangu. Tarakimu za uthibitisho hazisomewi mtu. Hata kama anaongea Kiswahili.

Kwa kuchati na mdogo wangu aliye Morogoro hatuhitaji namba kabisa. Ndani ya Gmail kuna sehemu ya kuchati, Google Chat. Zamani iliitwa Google Talk, iliwekwa ndani ya Gmail mwaka 2006, ikaja Hangouts, nayo ikaondoka mwaka 2022. Jina linabadilika, akaunti inabaki ile ile. Yeye anafungua kwenye kompyuta ya ofisini, mimi chumba cha mapumziko, tunaandikiana. Bando haliishi. Wenye iPhone pia, ingieni kwenye mipangilio ya meseji mtaona mnaweza kutuma na kupokea kwa anwani ya barua pepe badala ya namba. Ukibadilisha laini, wenzako wenye iPhone bado wanakupata. Ipo na Delta Chat, ukiiona utadhani WhatsApp, lakini meseji zinasafiri kwa njia ya barua pepe, zikiwa zimefungwa asisome mtu wa kati. Mimi siitumii sana kwa sababu watu wangu hawamo, siwezi kumlazimisha mtu kuweka programu kwa ajili yangu tu.

Sasa niseme linaloniuma, maana ndilo lililonifanya niing'ang'anie imeili.

Laini yangu ya Tanzania niliisajili vizuri, kwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na alama za vidole. Nilikuja nayo huku, nikawa naiwekea vocha na kuiwasha ili isife. Ikafika wakati inakosa mtandao huku, nikiwasha haishiki, na kampuni ikahesabu kwamba haitumiki, wakaifunga. Ndani ya laini ile kulikuwa na pesa za michango ya msiba. Ukoo ulinichagua niwe mhazini kwa sababu mimi sikai karibu na majungu ya mtu yeyote. Nikaandika kwa kampuni kueleza. Jibu likaja: fika duka letu lililo karibu nawe ukiwa na kitambulisho, uweke kidole. Nikawaeleza tena kwamba niko Ohio, duka lililo karibu nami liko bara jingine. Wakarudia maneno yale yale. Tiketi ya kwenda na kurudi ni zaidi ya dola elfu moja. Nauliza kwa dhati, niikate nikaweke kidole?

Na haikuishia hapo. Benki yangu ya huko inatuma namba za uthibitisho kwenye laini hiyo hiyo. Laini imekufa, na akaunti siingii. Wakataka barua. Nikaandika barua, nikaenda kulipia muhuri wa mthibitishaji hapa, nikatuma. Wakasema saini lazima nitie mbele ya afisa wao. Wakati huo huo kwenye grupu la familia kuna mtu mzima, namheshimu, akasema nimebadilisha namba ili nile pesa za marehemu. Michango ile niliilipa kutoka mfukoni mwangu, dola zangu za kuwageuza wazee usiku, na zile za kwenye laini mpaka leo ziko mle. Sijasema haya nipate pole. Nasema kwa sababu mtu anaponiambia "unajificha kwenye imeili", aelewe kwamba imeili ndiyo kitu pekee ambacho hakuna kampuni iliyoniambia nipande ndege nikakifungue.

Ushauri wangu uchukue kwa hali yako, maisha yetu huku hayafanani. Aliye na karatasi zote na laini ya mkataba hana shida hizi. Mgeni ambaye hana historia ya mikopo ananunua laini ya kulipia kabla, akipata ya bei nafuu anahama, na kila akihama na namba mpya watu wanampoteza. Huyo ndiye ningemwambia aitunze akaunti yake ya barua pepe kuliko namba. Kabla hujapanda ndege, ingia kwenye akaunti uangalie namba ya kuirejeshea ni ipi. Wengi mmeweka laini ya nyumbani. Laini ikifa, siku Google wanataka kukuthibitisha, tarakimu zinakwenda kwa laini iliyokufa. Weka na barua pepe ya pili. Google pia wanakupa namba za akiba kumi, za kutumia mara moja moja. Ziandike kwenye karatasi, karatasi ikae na pasipoti. Na akaunti isiyoguswa miaka miwili wanaweza kuifuta, kwa hiyo ile ya zamani yenye picha za harusi na vyeti, ifungue mara kwa mara.

Sasa nami nina swali kwenu. Kama kuna mtu amewahi kurudisha laini ya Tanzania akiwa nje ya nchi, bila kuweka kidole dukani, iwe kupitia ubalozi au njia nyingine halali, aandike hapo chini alifanyaje na ilikuwa mwaka gani, maana taratibu zinabadilika. Mniandikie njia tu. Namba zenu za siri na vitambulisho msiweke kwenye komenti.