Kuunganisha Redio ya Upepo na Laini ya Simu

Waheshimiwa walimu, mafundi wenzangu na vijana wa Kigoma mliokuja kusikiliza, nawashukuru.

Nimeombwa nieleze namna redio ya upepo inavyounganishwa na simu ya mezani, ili mtu aliye kwenye boti katika Ziwa Tanganyika, mwenye redio tu, aweze kuzungumza na daktari aliye ofisini mjini. Nyaya zenyewe si nyingi; ugumu uko kwenye zamu ya kusema. Simu huwaruhusu watu wawili kusema kwa pamoja, ilhali redio zetu nyingi ama hurusha ama hupokea, na aliyepiga simu hana kitufe cha kubonyeza. Lazima abonyezewe.

Thomas Carter wa Texas, Marekani, alilijibu swali hilo kwa kifaa chake, Carterfone, kilichoanza kuuzwa mwaka 1959. Hakugusa waya wowote wa simu: mkonga ulilazwa juu ya kifaa, sauti ikavuka hewani, na mpiga simu alipoanza kusema mtambo uliitambua sauti yake ukaiwasha redio irushe, kisha aliponyamaza redio ikarudi kupokea. Kampuni za simu zilimpinga vikali, lakini mwaka 1968 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo iliamua kwamba katazo lao la kuunganisha vifaa vya watu wengine na laini zao halikuwa halali. Nauheshimu sana uamuzi huo, kwa kuwa uliwafungulia njia watengenezaji wengine kuunganisha vifaa vyao na laini za simu.

Siku hizi tunaunganisha kwa waya, na hapo nawaomba uangalifu. Laini iliyotulia huwa na takriban volti 48 za mkondo mnyofu (DC, kama wa betri), na kengele inapolia huongezeka mkondo geu (AC) unaoweza kufika volti 90. Ukiupeleka moja kwa moja kwenye maikrofoni ya redio, utaiunguza. Weka transfoma ya omu 600 kila upande, kapasita ya kuuzuia mkondo mnyofu usiilemee transfoma hiyo, na vikinga vya volti kubwa vilivyofungwa vizuri kwenye waya wa ardhini, kwa sababu radi za mkoa huu hazisamehi. Tena, kwa kuwa sauti ya kwenda na ya kurudi hupita katika nyaya zilezile mbili, inahitajika transfoma maalumu ya kuzitenga, la sivyo sauti iliyotoka kwenye redio itarudi kuiwasha redio yenyewe.

Je, tuutegemee mtambo unaowashwa na sauti? Kwa mazingira yetu nasema hapana. Hukata silabi za mwanzo, na laini yenye mikwaruzo huweza kuishikilia redio ikarusha mfululizo, wakati aliye ziwani anaomba msaada bila kusikika. Namtaka mwendeshaji aketi kituoni, asikilize pande zote mbili, abonyeze kitufe yeye mwenyewe na kumkumbusha mpiga simu aseme "ova" kila anapomaliza.

Masafa yaombewe leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Hilo halina mjadala. Zaidi ya hapo, mpiga simu amezoea kwamba maongezi yake ni siri, kumbe kila mwenye redio kwenye chaneli ile anamsikia akitaja jina la mgonjwa na maradhi yake. Mwendeshaji amweleze jambo hilo kabla hajamuunganisha, na asimuunganishe mpaka amekubali.