Jaribio Linalofeli Usiku na Kupita Asubuhi

Waheshimiwa walimu, wahandisi wenzangu na wanafunzi mliokusanyika hapa Kampala, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumzia jambo linalotugusa sote tunaotengeneza programu za wavuti: namna ya kuchunguza majaribio ya kiotomatiki, yaani programu ndogo zinazoikagua programu yenyewe, yanapofeli. Niseme mapema kwamba mazoea ya kuyaendesha upya mpaka rangi ya kijani, alama ya kupita, itokee yananisikitisha, kwa sababu jaribio lililofeli jana na kupita leo, msimbo ukiwa ule ule, lina sababu ambayo bado hatujaijua.

Tuchukue mfano wa programu ya SACCO (chama cha akiba na mikopo) inayopokea akiba za wanachama na kutoa ripoti ya kila siku. Jaribio linaweka shilingi 50,000 kwenye akaunti, kisha linafungua ripoti ya leo likitarajia kuikuta amana hiyo. Mchana kutwa linapita. Mhandisi anayekesha kazini analiona likifeli, asubuhi analikuta limepita, naye anahitimisha kwamba ni mtandao uliosumbua. Mtandao haukuhusika. Seva nyingi hufuata saa ya UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia, na saa ya Uganda iko mbele yake kwa muda wa saa 3 mwaka mzima. Kwa hiyo kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku sisi tumekwisha kuingia tarehe mpya, ilhali seva ingali katika tarehe ya jana. Programu inaiandika amana kwa tarehe ya seva, na jaribio linaitafuta kwa tarehe ya Kampala. Hapo jaribio halina kosa lolote, kwani mwanachama halisi atakayeweka fedha kwa simu saa saba usiku ataikuta amana yake katika ripoti ya siku iliyotangulia. Dawa si kulifuta wala kuliendesha mchana tu, bali ni kuamua wazi kwamba siku ya SACCO hufuata saa za Afrika Mashariki, kuurekebisha msimbo, na kuigandisha saa ya jaribio kwenye saa saba usiku, ili kosa hilo likirudi lionekane hata adhuhuri.

Katika majaribio yanayoendesha kivinjari, kama yale ya Selenium, chombo cha kukiendesha kivinjari kiotomatiki kilichoanza mwaka 2004, linalosumbua zaidi ni kusubiri. Jaribio linabofya kitufe cha kulipa na papo hapo linatafuta maneno “Malipo yamepokelewa”, kabla jibu la seva halijafika. Wengi huliamuru jaribio litulie kwanza kwa sekunde 5. Kwa maoni yangu huko ni kuliahirisha tatizo: siku mashine itakapolemewa sekunde hizo hazitatosha, na siku nyingine zote zitapotea bure. Liagizwe lisubiri mpaka maneno yenyewe yaonekane, kwa kikomo cha muda kilichowekwa, na likifeli lihifadhi picha ya skrini pamoja na kumbukumbu za seva, kwa kuwa ujumbe wa “kitufe hakikupatikana” peke yake hauelezi kama kitufe kilichelewa, kilifichwa, au ukurasa mzima ulileta hitilafu 500, yaani kosa la ndani ya seva.

Jaribio likipita peke yake na kufeli likiwa na wenzake, itazameni hifadhidata. Huenda lililotangulia limeacha mwanachama mwenye nambari ile ile ya simu. Yaendesheni kwa mpangilio ule ule uliofeli, kisha muwapunguze wenzake nusu kwa nusu mpaka mhusika abaki. Amri ya bisect katika Git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, hufuata njia hiyo hiyo, na kati ya mabadiliko 1,000 hulipata lililoharibu kwa hatua kama 10, mradi jaribio liwe linafeli kila mara. Likiwa la kuyumba, yaani mara linapita mara linafeli msimbo ukiwa ule ule, litamwelekezea kidole asiyehusika.

Mwaka 2016 wahandisi wa Google walieleza kwamba takriban asilimia 1.5 ya uendeshaji wa majaribio yao ilitoa matokeo ya kuyumba. Wapo wanaoisoma takwimu hiyo kama ruhusa ya kupuuza; mimi naiona kuwa onyo, maana timu iliyozoea kelele hulipita kosa la kweli bila kulitazama. Jaribio linaloyumba na litengwe, lakini liandikiwe sababu, mhandisi anayelishughulikia na tarehe ya mwisho. Na kama ndilo linalolinda fedha za wanachama, toleo jipya la programu lisiwafikie kabla jaribio hilo halijarudishwa mahali pake.