Kabla Mgeni Hajatua Begi

Ndugu zangu wenye nyumba wa Nyegezi na Malimbe hapa Mwanza, na nyinyi wanangu mliojitolea kuwapokea wanafunzi kutoka nje: wakubwa shikamooni, wengine habari za mchana.

Nimepangisha wanafunzi miaka mingi. Leo sikuja kuwafundisha ukarimu, huo tunao. Nimekuja kwa sababu ya yale tusiyoyasema. Mwenyeji kayazoea, hasemi. Mgeni hayajui, haulizi. Hapo katikati ndipo mtoto wa watu anapougua.

Nianze na ziwa letu, Victoria, maana bado linaniuma. Mwaka mmoja nilikuwa na binti kutoka Ujerumani. Jumamosi yake ya kwanza akaniaga anakwenda kuogelea na wenzake. Nikamwambia, "Nenda mwanangu, ila usiende penye kina." Hofu yangu ilikuwa kuzama. Naye mtiifu, akashinda kwenye maji ya magotini, penye matete, jua la saa sita likiwaka. Akarudi kafurahi, nywele zinachuruzika. Wiki ya sita homa ikampanda, kikohozi, mwili unamwasha usiku kucha. Malaria ikapimwa, haipo. Kilikuwa kichocho.

Kichocho cha ziwa letu ni kile cha tumbo. Vimelea hutoka kwa konokono wadogo wa kwenye majani ya ufukweni, vikatoboa ngozi kwa dakika chache tu. Wengi wetu tumekutana navyo tangu utotoni, kwa hiyo ile homa hatuijui. Mwili wa mgeni unavikuta kwa mara ya kwanza, unapigana navyo kwa nguvu zote. Oneni basi nilichomfanyia: nilimtuma palepale palipo na hatari. Mwambieni mgeni waziwazi, siku ya kwanza, kabla hajaalikwa ufukweni. Na kama ameshaingia, asione haya kusema. Dawa ipo, prazikwanteli, lakini inaua vimelea vilivyokwisha kukomaa kuwa minyoo, vichanga huponea. Ndiyo maana anayemeza mapema mno huenda akahitaji kurudia baadaye, kwa ushauri wa daktari. Na kama nyumbani mnaoga maji yaliyochotwa ziwani, yaacheni kwenye pipa siku mbili kwanza, vimelea vitakuwa vimekufa. Binti yule alipona, lakini mtihani mmoja ulimpita akiwa kitandani.

Jambo la pili ni saa. Msicheke, hili limeshaharibu mambo mengi. Kijana mmoja aliambiwa afike ofisini saa nne kushughulikia kibali chake cha kuishi, kile cha daraja C cha wanafunzi. Kwao saa nne ni saa kumi yetu ya jioni. Akafika, nguo zimepigwa pasi, bahasha mkononi, akakuta geti limefungwa. Mimi siku hizi simtajii mgeni saa kwa mdomo peke yake. Namwonyesha kwenye saa yenyewe: mshale mfupi ukifika kwenye kumi, hiyo ndiyo saa nne yetu ya asubuhi.

Neti msimpe mgeni ikiwa imekunjwa kwenye mfuko. Nimewahi kuiona moja imekaa hivyo muhula mzima juu ya kabati. Ifungeni wenyewe kabla hajafika, kamba pembe zote nne, kisha mwonyesheni jinsi ya kuichomeka chini ya godoro pande zote. Mbu wa malaria huuma usiku. Na huku kwetu jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima, Juni kama Desemba. Anayetoka Ulaya amezoea jioni ndefu za kiangazi, giza linamkuta bado yuko nje na mikono wazi. Halafu wapo vile vijidudu vya ziwani vinavyotanda kama moshi na kujaa kwenye taa. Hivyo humtisha mgeni kuliko mbu, ilhali haviumi. Mwambieni afunge dirisha, asubiri vipite.

Maji ya kunywa yachemke hasa, si kupata moto tu, kisha yafunikwe. Baridi nayo watajeni: wanakuja wakidhani Mwanza ni joto tupu, wakati tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na usiku wa mvua wanatetemeka. Umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, mwacheni mgeni aingize mwenyewe zile tarakimu 20 nanyi mkiwa kando, ili siku ukikatika usiku asikae gizani. Kodi, jamani, mkitaka ya miezi sita semeni tangu mwanzo, na hela ya dalali pia, kisha andikeni risiti. Mgeni akigundua baadaye ataona ameibiwa, hata kama ndiyo desturi yetu sote.

Akipata homa, apimwe siku hiyohiyo, asisubiri kesho. Akipewa dawa ya mseto ya malaria ameze zote za siku tatu, hata akijisikia nafuu siku ya pili.

Na siku ya kuondoka, wakati mnamfungia dagaa zake kwenye begi, mwambieni neno moja zaidi. Malaria inaweza kumlipukia akiwa amesharudi kwao, wiki kadhaa au hata miezi baadaye, na daktari wa kule anaweza kudhani ni mafua. Homa ikimshika huko, jambo la kwanza kumwambia daktari ni hili: nilikuwa naishi Mwanza, kando ya ziwa.