Taja Mgongano Kabla ya Kuchora

Mabibi na mabwana, tukitaja upotevu kiwandani, wengi huwaza mabati yaliyokatwa vibaya au mashine zilizolala. Upotevu unaoumiza zaidi huanza mapema, mezani kwa msanifu. Sampuli inatengenezwa, inakataliwa, inatengenezwa tena, kwa sababu hakuna aliyetamka tangu mwanzo ni matakwa gani mawili yanagombana.

Genrich Altshuller, mhandisi wa Kisovieti aliyechambua hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi, kwa maelfu, aliona hivyo. Mwaka 1956, yeye na Rafael Shapiro walichapisha makala ya kwanza ya mbinu ya kutatua matatizo ya uvumbuzi ambayo leo inaitwa TRIZ, na ambayo ilikuja kuwa na kanuni 40. Kiini chake: usikubali nusu hasara huku, nusu hasara kule. Kila takwa lipewe mahali pake, au wakati wake.

Tazameni jiko la mkaa la mafundi wetu wa jua kali. Jiko la bati tupu ni jepesi na halivunjiki, lakini joto hupotelea ubavuni. Udongo hutunza joto, ila ni mzito na hupasuka ukigongwa. Jiko lililoboreshwa hapa Kenya miaka ya 1980, kwa wazo lililotoka kwenye jiko la ndoo la Tailandi, lilivichukua vyote viwili: bati nje, udongo wa kuchomwa ndani. Tena angalieni pale kiunoni. Udongo umewekwa nusu ya juu tu, moto ulipo. Chini, kwenye majivu, hauna kazi, basi haupo. Uzito umepungua, gharama imepungua, na joto limebaki chini ya sufuria. Kwangu mimi, hiyo ni kazi ya kuheshimiwa kuliko mashine nyingi za bei kubwa.

Sasa, migongano hiyo haionekani ukiwa ofisini. Yuji Yokoya wa Toyota, alipokabidhiwa kuliunda upya gari la familia la Sienna, toleo la 2004, aliendesha lile la awali katika majimbo yote 50 ya Marekani, na pia Kanada na Mexico, zaidi ya kilomita 80,000. Alihisi mwenyewe upepo wa ubavuni ukilisukuma gari. Akaona familia zinavyokula safarini. Safari hiyo ni ghali, ndiyo, lakini kubadilisha kalibu, yaani umbo la kutengenezea vipuri, baada ya uzalishaji kuanza ni ghali mara nyingi zaidi.

Ndiyo maana, kabla ya mchoro wowote, naiomba timu sentensi moja: "Tunataka kifaa kiwe hivi, na pia kiwe hivi, na mawili haya yanagombana." Wakishindwa kuiandika, nawarudisha kwa mtumiaji, hata kama meneja anadai sampuli Ijumaa.