Hilux ya 1996 kutoka Nachingwea hadi Sumbawanga: iendeshwe au iuzwe?

SOMOE: Karibuni wasikilizaji, hapa ni Mtwara. Leo tuna jambo moja tu mezani, maana mwenyewe anasubiri jibu. Mwalimu mmoja wa Nachingwea ametutumia ujumbe wa sauti. Amehamishiwa Sumbawanga na anatakiwa awe ameripoti shule zikifunguliwa Julai. Ana Toyota Hilux dabo kebini ya mwaka 1996, dizeli, injini ya aina inayoitwa 3L; hilo ni jina la injini, si lita tatu. Ana mke, watoto watatu na vyombo vya ndani. Anauliza aiendeshe mpaka kule, au aiuze huku huku wapande basi? Kaka Hamisi, njia hizo umezipita miaka mingi na malori. Unamwambiaje?

HAMISI: Kwanza nimpe pole na hongera kwa pamoja, maana uhamisho una yote mawili. Halafu nimwambie kwamba mimi nisingeanza na umri wa gari. Ningeanza na mahali gari hilo lilikoishi. Katusimulia kwamba alilinunua hapa Mtwara kwa mtu, likakaa Lindi kidogo, sasa liko Nachingwea. Yaani halijawahi kutoka kusini huku.

SOMOE: Na hiyo ina ubaya gani? Mbona barabara zetu ndizo ngumu?

HAMISI: Barabara zinachosha springi na bushi, hilo kweli. Lakini injini huku inadekezwa. Kuna joto mwaka mzima, na tuko karibu na usawa wa bahari. Gari la dizeli linaweza kuwa na maradhi matatu makubwa, likaishi Mtwara miaka kumi bila mwenyewe kujua hata moja. Mawili kati ya hayo yatajitokeza Njombe.

SOMOE: Njombe kwa sababu njia yake inapita huko. Wasikilizaji tuwaeleze: kutoka Nachingwea anashuka Masasi, Mangaka, Tunduru, Namtumbo, Songea, halafu anapanda Njombe, Makambako, anaingia barabara kuu ya Zambia kwenda Mbeya, Tunduma, kisha Sumbawanga. Ni kama kilomita 1,300.

HAMISI: Ndiyo. Na Njombe iko juu karibu mita 2,000. Sasa hiyo 3L haina tabo, ile mashine ya kuisukumia injini hewa; inavuta hewa yenyewe. Injini ya namna hiyo inapoteza kama asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu farasi 90 hivi. Ukiwa Njombe, hata kama ni nzima kabisa, moja ya tano ya nguvu hizo imekwenda. Mwalimu atakanyaga, gari halitaki, moshi mweusi nyuma. Atadhani pampu imeharibika.

SOMOE: Kumbe ni hewa tu.

HAMISI: Hewa imepungua lakini dizeli inamwagwa ile ile. Haiungui yote, inatoka moshi. Dawa yake ni kushusha gia mapema na kutoa mguu kidogo. Moshi huo peke yake haunitishi. Ninaloliogopa ni kuchemsha.

SOMOE: Hapo ndipo mimi nilipotaka tufike. Kuna watu wengi huku wanaomba maji ya kisima ya kuongezea kwenye rejeta, na visima vingi vya pwani vina chumvi. Kila siku kikombe. Anasema gari langu zima, linakunywa maji kidogo tu.

HAMISI: Gari zima halinywi maji, dada. Mfumo wa kupooza injini umefungwa. Maji yakipungua yana mahali yanapokwenda, ama nje kwa tundu, ama ndani kwa silinda hedi, ile sehemu ya juu inayofunika silinda za injini. Na ile chumvi na kutu vinaziba mirija ya rejeta taratibu. Huku tambarare, mwendo wa kilomita 80, rejeta iliyoziba nusu inatosha. Ukipanda mlima wa Lukumburu kutoka Songea, gia ya pili, jua la saa nane, na mzigo nyuma, haitoshi tena.

SOMOE: Na uliniambia habari ya kifuniko, mimi sikuwa naijua.

HAMISI: Kifuniko cha rejeta, watu wanakidharau kabisa. Kazi yake si kuzuia maji yasimwagike tu. Kinashikilia presha, na maji yakiwa kwenye presha yanachelewa kuchemka. Sasa kule juu, mita 2,000, maji ya kwenye sufuria yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Kwa hiyo kama kifuniko chako kimelegea, springi imechoka na mpira umekauka, huku pwani unapona, kule juu unachemsha. Ni kifaa kidogo, cha bei ndogo, na kinaweza kukuulia hedi.

SOMOE: Na hedi ikipasuka...

HAMISI: Injini hizi za familia ya L, hedi ndiyo sehemu yake dhaifu. Ukichemsha vizuri mara moja, ufa. Na gharama ya hedi pamoja na ufundi, ukiwa umekwama Madaba, unaweza kujikuta unauza gari kwa bei ya chuma chakavu ili upate nauli.

SOMOE: Basi mwalimu atajuaje kabla hajaondoka? Maana fundi wa kwanza atamwambia iko fiti, nenda.

HAMISI: Aangalie mwenyewe, asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha. Afungue kifuniko cha rejeta gari likiwa la baridi. La baridi, nasisitiza, kwa sababu likiwa la moto maji yatamuunguza uso. Ajaze maji, awashe, atazame. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, gesi ya injini inaingia kwenye maji. Halafu siku nyingine, kifuniko kikiwa kimefungwa, awashe na ashike mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja mbili, kabla maji hayajapata moto, hiyo presha haitoki kwenye joto. Inatoka kwenye silinda. Akiona lolote kati ya hayo, safari haipo. Hakuna cha kujadili.

SOMOE: Hapo nakuunga mkono. Na themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto? Maana nina hakika haipo. Mafundi wetu wameshazitoa zote.

HAMISI: Wanazitoa kwa sababu ni njia rahisi ya kuficha rejeta iliyoziba. Airudishe. Huko anakokwenda kuna baridi, injini isiyo na themostati haipati joto lake, inakula dizeli na inachakaa haraka. Sumbawanga nako ni juu, hakupishani sana na Njombe. Hii si ya safari tu, ni ya kuishi kule.

SOMOE: Ulisema maradhi matatu. Kupooza injini ni moja.

HAMISI: La pili ni zile plagi za hita, zinazopasha moto chumba cha kuunguzia dizeli ndani ya injini kabla hujapiga stata. 3L bila hizo, kwenye baridi haiwaki. Mtwara hata zikifa zote nne, asubuhi kuna nyuzi 20 na kitu, unapiga stata mara mbili, inanguruma. Mwenyewe anasema injini yangu kali. Akilala Njombe mwisho wa Juni, alfajiri, atapiga stata mpaka betri iishe.

SOMOE: Na watoto wako nje wanatetemeka. Hawana hata masweta, watoto wa Nachingwea.

HAMISI: Azipime huku huku. Fundi umeme anazichomoa waya na kuzipima moja moja, kazi ya nusu saa. Na betri aikague wakati huo huo.

SOMOE: La tatu nalijua. Mkanda wa taimingi, ule unaozifanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio.

HAMISI: Huo hauna uhusiano na Njombe, ila ndio unaoua ghafla kuliko yote. Kwenye dashibodi ya Hilux hizi kuna taa imeandikwa T-BELT. Inawaka gari likifikisha kilomita 100,000. Watu wanadhani ile taa inauona mkanda. Haiuoni. Inahesabu kilomita tu. Fundi anaweza kuizima bila kugusa mkanda, na mwingine anachomoa balbu kabisa ili mnunuzi asiulize.

SOMOE: Kwa hiyo taa kutokuwaka si ushahidi wa chochote.

HAMISI: Si ushahidi. Kama mwalimu hana risiti wala hajui mkanda ulibadilishwa lini, ahesabu kwamba haujawahi kubadilishwa. Aweke mpya, na beringi ya kuukaza nayo mpya. Dizeli ina nafasi ndogo mno kati ya pistoni na valvu. Mkanda ukikatika, vinagongana pale pale. Huwezi kusukuma gari mpaka gereji ukasema tufunge mkanda mwingine.

SOMOE: Mimi ningeongeza kwamba mwalimu asimame pale fundi akifungua, na apewe mkanda wa zamani mkononi. Asipopewa, asilipe.

HAMISI: Sawa kabisa.

SOMOE: Sasa kaka, ngoja nikupinge kidogo. Kwa nini apite Songea? Akipita Lindi, Kibiti, Dar, Morogoro, Iringa, kila mji una gereji na spea. Kati ya Tunduru na Namtumbo kuna vipande virefu huoni mtu. Na tembo wanavuka pale, ile ni njia yao kati ya hifadhi za Selous na Niassa ya Msumbiji.

HAMISI: Tembo ni kweli, ndiyo maana kipande kile ni cha mchana tu. Lakini kwa kupitia Dar anaongeza zaidi ya kilomita mia tatu. Anaingia kwenye foleni ya malori kuanzia Chalinze, na Kitonga inamsubiri. Kama unaogopa mlima, Kitonga ni mlima, tena una lori mbele na lori nyuma. Barabara ya Songea ni lami sasa, mimi nimeijua ikiwa tope mpaka kwenye ekseli. Malori atayakuta Makambako, hayo hana namna ya kuyakwepa mpaka Tunduma.

SOMOE: Pale Mbeya kuna miteremko inayoua watu kila mwaka. Mlima Nyoka, Iwambi, Senjele.

HAMISI: Ndiyo, na hapo si suala la gari lake peke yake, ni la lori lililo nyuma yake ambalo breki zimekwisha. Ashuke kwa gia, asishuke kwa mguu. Na mafuta ya breki yabadilishwe yote kabla ya safari. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani, na hewa ya pwani ina unyevu. Yakishakaa miaka, breki zikipata moto yanachemka, unakanyaga pedali inakwenda chini tupu.

SOMOE: Hapo sasa nataka kusema langu, na nalisema kwa uzito. Hata akifanya hayo yote, mke na watoto wasipande hilo gari. Wapande basi. Dabo kebini ya 1996, mkanda wa kiti cha nyuma sidhani kama upo, na nyuma kuna kabati na magodoro. Kilomita 1,300 hapana.

HAMISI: Sikatai. Na injini nayo itashukuru, mzigo ukipungua.

SOMOE: Na kabati aliuze. Makabati yapo Sumbawanga. Abebe vitabu, vyombo na matandiko. Kama uhamisho ni wa mwajiri, anastahili posho ya uhamisho, afuatilie kabla hajaondoka, asitumie ya mfukoni yote kwenye dizeli. Maana dizeli, umepiga hesabu?

HAMISI: Lita 10 mpaka 12 kwa kilomita 100, kwa hiyo lita 150 hivi, aweke na ziada. Bei kikomo ya EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, inatoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na huku kwetu mafuta yanashuka bandarini Mtwara. Ajaze tangi Masasi. Filta ya dizeli aweke mpya, na nyingine abebe, kwa sababu tangi la zamani lina tope chini, likitikisika linapanda.

SOMOE: Ukitazama dizeli tu, basi ni rahisi. Kwa nini basi asiuze?

HAMISI: Kwa sababu hapati jingine kama hilo kwa fedha atakayopewa. Magari ya zamani yanayoagizwa yana ushuru wa uchakavu, bei iko juu. Hiyo 3L haina kompyuta, fundi yeyote wa Tunduru anaifungua kwa spana. Kule Rukwa, mkoa wenyewe wa Sumbawanga, ukiwa na pikapu ya namna hiyo, mahindi yanapovunwa, mwalimu ana kipato cha pembeni. Ila neno langu lina sharti. Kabla ya kuamua, aipeleke mtihani. Atoke Nachingwea, Masasi, apande Newala. Apakie mzigo ule ule anaotaka kwenda nao. Ule mlima wa kupanda uwanda wa Makonde si Njombe, lakini ni mkali, na uko karibu na nyumbani. Apande mchana, mshale wa joto autazame muda wote.

SOMOE: Na kutu chini? Gari limekaa pwani.

HAMISI: Agonge chesisi kwa nyundo, hasa zinaposhika springi za nyuma. Ikilia chuma, sawa. Nyundo ikizama, auze.

SOMOE: Na mshale ukipanda Newala?

HAMISI: Ukipita katikati, arudi, asafishe rejeta, abadilishe kifuniko, arudie mlima. Ukipanda tena mara ya pili, auze, na amwambie mnunuzi ukweli.

SOMOE: Mwalimu, umesikia. Mlima wa Newala kwanza, tena wiki hii, ili kama ni kuuza upate muda wa kumpata mnunuzi kabla ya Julai. Utuandikie mshale ulisimama wapi, na tutausoma hapa. Sasa kuna ujumbe mwingine wa dada wa Kilwa Masoko kuhusu bajaji ya gesi, huo tunauchukua wiki ijayo.