Tyubu au tyubulesi? Baiskeli ya milimani kwenye mbigili za Dodoma

Njia za vumbi za Chamwino na Bahi zimejaa mbigili na miiba ya migunga, na tyubu ya kawaida haifui dafu mbele yake. Tyubulesi, yaani tairi isiyo na tyubu ndani, hubeba dawa ya maji inayoziba tundu dogo baiskeli ikiwa inatembea. Ila kabla ya kwenda dukani, kagua rimu.

Hatua ya kwanza: vua tairi, soma maandishi. Rimu na tairi, vyote viwili viwe vya tyubulesi. Rimu ya kawaida haishiki vizuri kingo za tairi, na tairi inaweza kuchomoka kwenye kona. Kama ndiyo uliyonayo, baki na tyubu nene yenye valvu pana kama ya gari: chomoa pini ya ndani, mimina dawa mililita 60, rudisha pini. Kwa baiskeli nyingi za mtumba, hapo kazi imeisha.

Hatua ya pili, kwa wenye rimu inayofaa. Safisha rimu kwa spiriti, ikauke. Zungushia utepe wa tyubulesi ukiuvuta kwa nguvu, ufunike matundu yote ya spoku. Utepe uliolegea ndio huvujisha upepo. Toboa tundu dogo la valvu, ingiza valvu ya tyubulesi. Kaza nati yake kwa vidole tu, usiguse koleo, maana siku ya pancha utaifungua porini.

Hatua ya tatu: vika tairi, chomoa pini, jaza upepo kwa kompresa hadi usikie kingo zikidunda “pa! pa!” Usivuke kipimo kilichoandikwa kwenye rimu. Toa upepo, tikisa chupa ya dawa sana, mimina mililita 100 kwa tairi ya inchi 29. Rudisha pini, jaza, zungusha gurudumu, lilaze kila upande dakika tano.

Upepo: mwenye kilo 70, tairi ya upana wa inchi 2.3, aanze na psi (kipimo cha mgandamizo wa upepo) 22 mbele, 25 nyuma. Kwa tyubu usishuke chini ya 30. Jiwe litaibana kwenye rimu na kuacha matundu mawili.

Joto letu hukausha dawa upesi. Ikague kila baada ya miezi miwili.

Tyubu ya akiba beba vilevile. Kabla ya kuivika ndani ya tyubulesi iliyochanika, chomoa valvu ya zamani, kisha papasa ndani ya tairi taratibu: mbigili zilizozibwa na dawa bado zimo, na kila moja itatoboa tyubu mpya.