Sokwe Aliyehamia Mfukoni

Habari za jioni. Nyinyi mliosimama mlangoni, hapa mbele kuna viti vitatu vitupu, msione haya.

Mezani nina vitu vichache. Hiki cha kijivu ni Game Boy, mashine ya gemu ya mkononi, ile ya kwanza kabisa, inayokula betri nne kama zile za saa ya ukutani. Hivi viwili ni vipande vya karatasi nilivyovikata asubuhi kwa mkasi wa kushonea wa mke wangu, na akijua nitakiona cha moto. Kipande kikubwa kina kimo cha milimita 256 na upana wa milimita 224. Kidogo kina kimo cha 144 na upana wa 160. Kila milimita ihesabuni kuwa nukta moja ya kioo. Basi kikubwa ndicho kioo cha Donkey Kong, mashine ya gemu ya mwaka 1981 iliyosimama kama kabati na kula sarafu. Kidogo ndicho kioo cha hiki cha kijivu. Nakilaza juu ya kikubwa, hivi. Mnaona? Huku nukta 57,344, huku 23,040. Zaidi ya nusu ya nyumba imebaki nje.

Na kifungo hiki cha koti, chenye milimita kama 16, ndiye Mario, yule mtu unayemwendesha ndani ya gemu. Kwenye mashine ya sarafu kimo chake ni nukta 16. Mkimpandisha mabegani mwa mwenziwe, na mwenziwe mabegani mwa mwingine, kioo kikubwa kinabeba Mario 16 kutoka chini hadi juu. Hiki kidogo kinabeba tisa, hakuna wa kumi. Sasa bosi anakuja mezani kwako anakwambia: ile gemu ninaitaka humu. Unaanzia wapi?

Wengi wangeanza na mkasi, kama mimi asubuhi. Nataka niwaonyeshe kwamba gemu hii ilihamishwa vizuri pale tu watu walipoacha kwanza kupima kioo, wakamtazama mchezaji: amekaa wapi, na hela yake ameitoa lini.

Kwa ambao hawajaicheza, habari yenyewe ni fupi. Sokwe amemteka bibi mmoja, siku hizi anaitwa Pauline, akapanda naye juu ya jengo ambalo halijaisha. Fundi mdogo mwenye kofia anamfuata kwa ngazi na mihimili ya chuma, na sokwe anamporomoshea mapipa. Unaruka pipa, unapanda ngazi, ukibahatika unaokota nyundo na kuvunjavunja kila kinachokujia. Kuna hatua nne, na kila moja inaitwa kwa urefu wake: mita 25 yenye mapipa, mita 50 yenye mikanda inayosafirisha saruji, mita 75 yenye lifti, na mita 100, ambapo unapita juu ya ribiti nane, yaani pini zinazoshikilia mihimili, zinang'oka moja moja mpaka jengo linaporomoka na sokwe anaanguka kwa kichwa.

Ilizaliwa kwa shida. Nintendo ndiyo kampuni ya Japani iliyoitengeneza, na tawi lake la Marekani lilikuwa limebaki na mashine takriban 2,000 za gemu nyingine, Radar Scope, ambazo hazikupata mnunuzi. Makabati yapo, vioo vipo, kodi ya ghala inakwenda. Kijana mmoja mchoraji, Shigeru Miyamoto, akapewa kazi ya kubuni kitu kipya cha kutia ndani ya makabati hayohayo, chini ya uangalizi wa mhandisi Gunpei Yokoi. Jina hilo la Yokoi lishikeni, tutakutana naye tena.

Sasa twende kwenye hela. Mashine ya aina hii ilikuwa inakaa baa, kwenye maduka, kwenye kumbi za gemu. Marekani unatia senti 25, Japani yeni 100, unapewa roho tatu. Mwenye mashine anataka nini? Anataka ufe. Ufe upesi, lakini ufe huku ukiona kwamba umekaribia, ili mkono urudi mfukoni. Ndiyo maana Mario yule wa 1981 ni dhaifu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Akidondoka kutoka kimo kinachozidi chake mwenyewe kidogo tu, amekufa. Fundi ujenzi huyo!

Tena gemu haina mwisho. Ukimwangusha sokwe kule mita 100, unarudishwa kwenye mapipa, kwa kasi zaidi. Waliopata ustadi wa ajabu walikuja kugundua kwamba ina mwisho, ila ni mwisho ambao hakuna aliyeupanga. Wanafunzi wa programu, hapa fungueni masikio. Muda wa kila hatua unatokana na hesabu: namba ya mzunguko mara 10, jumlisha 40. Mzunguko wa 22 unatoa 260. Lakini kumbukumbu ya mashine ilitunza namba hiyo kwenye baiti moja, na baiti moja, kijisanduku kidogo cha kumbukumbu, inaishia 255, ikipita hapo inaanza tena sifuri. Basi 260 inageuka 4. Unaanza hatua ukiwa na sekunde chache, unapanda ngazi moja au mbili, Mario anaanguka akiwa mzima wa afya. Hajaguswa na pipa. Ameuawa na kujumlisha.

Mwaka 1982 ndipo sokwe alipojaribu kuingia mfukoni mara ya kwanza, na aliyemwingiza ni yuleyule Yokoi. Alikuwa ameshaanzisha Game & Watch, vigemu vyembamba vyenye saa ndani yake. Husimuliwa kwamba wazo alilipata kwenye treni, alipomwona mtu anapoteza muda kwa kubonyezabonyeza kikokotoo. Falsafa yake ilikuwa kuchukua teknolojia iliyokwisha zoeleka na kushuka bei, halafu kuifanyia kazi ambayo mwenzako hakuiwazia. Vioo vya vikokotoo vilikuwa vimejaa sokoni. Akavichukua.

Kioo cha namna ile hakina nukta. Kila mkao wa Mario umechorwa kabisa ndani yake, umelala hapo kama kivuli, na umeme unauamsha. Ukikiinamisha kwenye mwanga unawaona akina Mario wote kwa pamoja, aliyeruka, aliyepanda, aliyesimama, wamefifia kama chapa ya zamani ya kanga. Kwa hiyo huwezi kuhamisha gemu humo, unahamisha kisa tu. Yokoi aliweka vioo viwili, kimoja juu na kimoja chini, kwenye kasha linalokunjwa kama kidude cha poda cha akina mama. Chini mapipa, juu sokwe. Unapanda, unavuka kutoka kioo hadi kioo. Jengo refu limepatikana kwa kukatwa katikati!

Na kwa sababu kijiti cha kabati kisingekaa kwenye kasha lile, akaweka kitufe bapa chenye umbo la msalaba, kwa kidole gumba cha kushoto. Tazameni hiki cha kijivu. Tazameni na rimoti za gemu zilizoko majumbani mwenu leo. Msalaba ule umo, na aliyeuleta ni sokwe huyu.

Jaribio la 1983 nitalipita haraka. Hilo lilikuwa la kuchomekwa kwenye televisheni, mashine ya Famicom. Walihamisha kwa uaminifu mkubwa, ila kaseti ilikuwa ya kilobaiti 24 tu, na hatua ya mita 50, ile ya saruji, ikaachwa nje. Watoto wengi walikua wakidhani Donkey Kong ina hatua tatu. Ni gemu nzuri. Lakini ni kabati lilelile, lina roho zilezile tatu, na linakuua kwa haraka ileile, ingawa hapo sebuleni hakuna tundu la kutia sarafu. Unajiuliza: huyu ananiua kwa faida ya nani?

Ndio tunafika 1994. Game Boy ilikuwa sokoni tangu 1989, nayo ni kazi ya idara ya Yokoi. Kioo chake kina rangi nne, ukiweza kuziita rangi: kijani kibichi, kijani kilichochoka, kijani cha maji machafu, na kijani kinachokaribia weusi. Tena ni kizito kugeuka. Kitu kikikimbia kinaacha mkia nyuma yake, mithili ya chaki iliyofutwa kwa mkono. Kumporomoshea mtu mapipa kwa kasi ya mita 25 ndani ya kioo hicho ni kumwonea.

Ukiiwasha kaseti hii, jina lake ni Donkey Kong tu, kama ya kwanza. Unaona mita 25. Mapipa, ngazi, nyundo. Unasema, haya, wamekata kwa mkasi. Unamaliza zote nne, na ile ya saruji imo. Ribiti zinang'oka, sokwe anaanguka kwa kichwa, Mario na Pauline wanasimama pamoja, muziki unapigwa. Mimi mara ya kwanza nilikuwa nimeshanyoosha kidole kuzima.

Sokwe akanyanyuka! Akamnyakua yule bibi, akatoka mbio. Mlango ukafunguka, na nje kukawa na mji mzima.

Hatua zilizobaki ni 97. Kwa jumla ni 101. Nyumba nzima ya 1981 wameifanya kibaraza. Baada ya mji kuna msitu, meli, msitu mzito, jangwa, ndege, barafu, mabonde ya miamba, mwisho mnara. Kaseti imekua kufikia kilobaiti 512, zaidi ya mara 20 ya ile ya 1983, na nafasi hiyo hawakuitumia kupamba picha. Wameitumia kumbadilisha yule fundi.

Mario huyu anasimama kwa mikono, miguu juu, na pipa likidondoka utosini analikinga kwa nyayo. Akiwa hivyohivyo akiruka, anaruka juu zaidi. Akikimbia kushoto ukamgeuza ghafla na kubonyeza, anapiga sarakasi ya kinyumenyume. Anashika waya na kujizungusha kama vijana wa sarakasi wanavyozunguka kwenye chuma. Akianguka kimo cha wastani anapepesuka, anaona nyota, anainuka. Kutoka juu sana bado anakufa, maana hata huruma ina mpaka wake.

Na kazi yake imebadilika. Mara nyingi hapandi tena kumfuata sokwe. Anatafuta ufunguo, anaubeba juu ya kichwa mpaka kwenye mlango uliofungwa. Akiuacha njiani muda mrefu, unarudi ulikotoka. Anaokota vigae vinavyompa ngazi au daraja la muda, anaziweka anapotaka, halafu sekunde zinaanza kuhesabiwa kabla havijayeyuka. Unasimama, unatazama, unapanga: nikiweka daraja hapa, ufunguo nitaupitisha kule. Katika mashine ya sarafu kusimama na kufikiri kulikuwa kujiua. Hapa ndiyo gemu yenyewe.

Rudini kwenye karatasi zangu. Kioo cha Mario tisa hakibebi jengo refu la mapipa yanayokuja kutoka mbali. Lakini kinabeba chumba. Chumba kimoja chenye mlango, ufunguo, na adui wawili. Pale chumba kinapozidi kioo, picha inasogea, kwani ndani ya kumbukumbu yake Game Boy inatunza uwanja wa nukta 256 kwa 256, na kioo ni dirisha tu linalotembezwa juu yake. Na chumba kimoja kinachukua dakika moja au mbili, yaani vituo viwili vya basi. Mchezaji huyu ameshalipa dukani, hana deni na mtu. Ukimuua kila dakika atakuchoka, aiweke kaseti kwenye droo. Ndiyo maana roho zinapatikana kwa wingi, na ndiyo maana baada ya kila hatua nne sokwe mwenyewe anajitokeza, kisha gemu inaandika ulipofika. Unaweza kuzima, ukashuka, ukaenda zako.

Kuna swali hapa mbele, naliona tangu zamani. Anauliza kama haikuwahi kuwa na rangi. Ilikuwa nazo, kwa mlango wa nyuma. Siku ileile kaseti hii ilipotoka Japani, Juni 14, 1994, ilitoka pia Super Game Boy, kifaa cha kuchomeka kaseti za Game Boy kwenye Super Famicom, mrithi wa ile Famicom, na kuzitazama kwenye televisheni. Hii ndiyo gemu ya kwanza kutengenezwa kwa kukizingatia. Ukiichezea huko inapata rangi, na pembezoni mwa picha, kwa kuwa televisheni ni pana, wamechora lile kabati la 1981. Mfukoni hakuna kabati, sebuleni limerudi, ila safari hii ni fremu tu ya kuzunguka picha. Mimi utani huo naupenda kuliko hatua nyingi za gemu yenyewe.

Na mama yule anauliza kama yangu hii bado inafanya kazi. Inafanya, ila ina ugonjwa wa uzee. Ulipofikia huandikwa kwenye kumbukumbu inayoshikiliwa na betri ya kidonge, iliyochomelewa ndani ya kaseti. Yangu ilikufa nikiwa nimefika barafuni. Niliwasha asubuhi moja, nikakuta kila kitu kimefutika, kama sijawahi kuigusa. Fundi wa redio wa mtaani kwetu aliichomoa akaweka nyingine, nusu saa, na hakunitoza ila soda.

Kwa hiyo ipo mita 25 sasa hivi. Betri mpya nimetia. Aliye karibu aje aishike, na mwangaza wa dirisha uwe nyuma ya bega lake, maana kioo hiki hakina taa.